Makala, Mbabula na Wanyama Tunaoishi Nao



Wengi wenu mulituandikia ulizo moja, hata kama kila mutu aliliandika kwa njia yake. Mwanafunzi mmoja alisema: «Mbwa yetu anakula makala kuliko sisi watu.» Mwingine aliandika: «Mama anasema moto ya jikoni isizimike usiku, juu batoto ba simbilisi batakufa na baridi. Je, ni kweli?» Wa tatu, ambaye kwao kuna umeme, anataka kujua kwa sababu gani ampuli yao mpya haipashi vifaranga moto kama ile ya zamani. Tukiyaangalia vizuri maulizo haya matatu, tunaona ni jambo moja: namna gani nyumba inaweza kupunguza gharama ya moto bila kuwatesa wanyama wanaokaa ndani yake, na bila kujiletea hatari. Basi leo tunazungumza juu ya makala. Makala ya kuchoma, si makala ya gazeti!

Munajua wenyewe kwamba hapa Kiwanja mfuko wa makala ni gharama kubwa ya nyumba. Hauzidiwi na vitu vingi, labda unga na masomo ya watoto tu. Na munajua pia makala yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya makala yanayochomwa Rutshuru na Goma tangu miaka mingi yamekatwa katika Parki ya Virunga, ambayo iliundwa mwaka 1925 na ni parki ya kwanza kabisa katika Afrika. Sheria inakataza kukata miti humo, lakini tumbo halingojei sheria. Mwaka 2022 na 2023, wakati maelfu ya watu wa Rutshuru walikimbilia Kanyaruchinya karibu na Goma, miti ya parki ilikatwa sana kwa sababu watu walipaswa kupika. Hatuwezi kumlaumu mama mwenye watoto katika hema. Lakini hesabu ni hesabu: katika tanuru la udongo, sawa vile watu wetu wanavyolijenga, kilo 1 ya makala inaomba kilo 7 mpaka 10 za kuni. Nguvu nyingi ya mti inapotea katika moshi kabla makala hayajafika sokoni. Kwa hiyo, kila kilo ambayo nyumba haikuchoma ni mti uliobaki umesimama, na ni franka zilizobaki mfukoni.

Tangu mwaka 2007 shirika WWF lilianzisha mpango wa EcoMakala, ambao unasaidia wenye mashamba kupanda miti ya kuchoma kwao wenyewe, kama vile mkaratusi na grevilea, ili makala yasitoke tu katika parki. Huo ni mpango mzuri, lakini mti unaomba miaka ya kukua. Mbabula yako inakuomba makala leo jioni.

Tuanze na maji, kwa sababu karibu kila kitu tunachopika ni maji ndani yake. Kiwanja iko juu ya bahari kwa metre elfu moja na zaidi, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwa digri 96 au 97, si 100 kama kitabu kinavyosema. Kupeleka litre 1 ya maji kutoka baridi mpaka kuchemka, gramu 11 za makala zingetosha kama moto wote ungeingia katika sufuria. Lakini mbabula ya kawaida, ile ya chuma tupu, inaingiza karibu sehemu moja tu kati ya tano. Nyingine inapasha ukuta, hewa, na miguu ya mpishi. Basi tunahesabu karibu gramu 55. Mbabula iliyotiwa udongo ndani inafanya vizuri zaidi, inaweza kuingiza sehemu tatu kati ya kumi. Ndiyo sababu mwenye mbabula ya namna hiyo anaona mfuko wake unachelewa kuisha.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Maji yakisha kuchemka, hayapandi tena moto, hata ukiweka makala ya mfuko mzima. Moto wote unaoongeza unageuza maji kuwa mvuke. Na kugeuza litre 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunaomba moto mara saba ya ule uliotumika kuyachemsha. Mara saba! Kwa hiyo sufuria ya maharagi ambayo inaruka-ruka bila mfuniko haiivi mbio kuliko ile inayochemka polepole imefunikwa. Tofauti ni kwamba ya kwanza inakula makala bure, na mpishi anapaswa kuongeza maji baridi kila mara, ambayo nayo yanaomba kupashwa. Funika sufuria, punguza makala. Watu wanajua habari ya mfuniko, lakini wanafikiri ni kwa ajili ya nzi tu.

Basi tufike kwa mbwa.

Nyumba nyingi hapa zinafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na kila jioni, chakula cha watu kikisha kuiva, wanawasha tena au wanaongeza makala ili kumpikia bugali ya pumba na mifupa. Tuseme sufuria yake ni litre 3. Kuichemsha tu ni gramu 165 kwa hesabu yetu ya juu. Ongeza makala ya kuwashia na yale yanayobaki yanawaka bure baada ya kuepua, utafika gramu 200 bila shida. Kwa mwezi ni kilo 6, na katika tanuru kilo 6 ni kilo 42 mpaka 60 za kuni. Mwanafunzi wetu hakusema uongo sana.

Je, mbwa aache kula? Hapana. Lakini chakula chake hakihitaji moto wake mwenyewe. Wakati maharagi ya watu yanapoepuliwa, mbabula bado ina moto ambao unapotea usiku bila kazi. Weka hapo sufuria ya mbwa, ukiwa umeifunika, na uiache. Ikipanda ichemke kidogo, inatosha. Tena kama mulipika bugali yenu, ukoko uliobaki chini ya sufuria ukilowekwa na maji ya moto na kuchanganywa na vichwa vya ndagala, ni chakula cha mbwa kilichokwisha kuiva. Kukipika mara ya pili ni kupika makala.

Hapa tunapaswa kutofautisha, kwa sababu si kila mnyama anahitaji moto, na si kila chakula kinaweza kutolewa kibichi. Kuna watu wanaosema: «Nyama haina haja ya moto, porini nani anamupikia?» Porini hakuna pia anayempa maganda ya muhogo mchungu. Maganda na majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo inaweza kuua mbuzi au nguruwe. Jua linaipunguza: maganda yakikatwa vidogo na kuanikwa mpaka yakauke vizuri, hayaombi makala hata kidogo. Maharagi mabichi, hata yale yaliyoharibika na ambayo watu wanamwaga kwa kuku, yana sumu nyingine, na hiyo jua haliiondoi. Inaondolewa na kuchemsha tu. Viazi vya kizungu vilivyogeuka kijani vitupwe, maana hata moto hauwasaidii. Lakini majani ya viazi vitamu, lenga-lenga, majani ya ndizi na nyasi vinaliwa vibichi na sungura, simbilisi na mbuzi, na kuvipika ni kuharibu chakula na makala pamoja.

Mahali pawili tunasema wazi: musipunguze moto. Mbwa akipewa matumbo au maini kutoka machinjoni, yachemshwe vizuri, kwa sababu mna mayai na vibuu vya minyoo, na minyoo hiyo inaweza kutoka kwa mbwa na kuingia kwa watoto wanaocheza naye. Na nguruwe akipewa mabaki ya mezani au ya hoteli ambayo yaligusa nyama ya nguruwe, yachemke nusu saa kamili. Homa ya nguruwe inapita katika nyama ambayo haikuiva, na ikiingia katika banda inamaliza wote, haina dawa. Makala ya nusu saa ni bei ndogo. Kama makala hayapo, basi usimpe mabaki hayo, mpe majani ya viazi.

Sasa simbilisi, wale ambao Kifaransa kinawaita cobaye. Tunapenda kukaa hapa kidogo, maana mnyama huyu ni wa Kivu kweli, hata kama mababu zake walitoka mbali, katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ajabu ni kwamba watu wa Peru na Bolivia wanamfuga sawa sawa na sisi: anatembea jikoni, anakula maganda, analala karibu na mafiga. Tumbo lake linachukua karibu miezi miwili na wiki moja, na watoto wanazaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Hahitaji chakula cha kupikwa hata siku moja. Kinyume, anahitaji majani mabichi kila siku, kwa sababu mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na mwili wetu sisi. Simbilisi wa kupewa pumba tu anadhoofika na kufa, na watu wanasema ni baridi.

Hapo ndipo tunamjibu yule aliyeuliza juu ya moto wa usiku. Ni kweli kwamba mwili mdogo unapoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa. Ni kweli pia kwamba simbilisi anapenda joto la digri 18 mpaka 24 hivi. Lakini Kiwanja si Masisi! Hata usiku wa mwezi wa saba, hewa ya ndani ya nyumba yetu haishuki sana. Kitu kinachomuua mtoto wa simbilisi si ukosefu wa moto, ni sakafu yenye maji, upepo unaopita chini ya mlango, na kukaa peke yake. Chukua sanduku au kikapu, weka chini mbao au kipande cha mkeka, jaza nyasi kavu kwa unene wa kiganja, acha mlango mdogo, na uwaache wengi pamoja. Nyasi zinashika hewa katikati yake, na hewa iliyosimama haipitishi joto. Miili yao yenyewe ndiyo mbabula. Badilisha nyasi zikilowa, maana nyasi zenye mkojo zinapoza badala ya kupasha. Wakati wa mchana angalieni kinyume chake: chini ya manjanja, jua la saa saba linaweza kumuua simbilisi mbele ya baridi, kwa kuwa joto la kupita digri 30 anashindwa kulivumilia.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko franka ya kutoacha mbabula inawaka usiku katika chumba kilichofungwa, na tunaomba wadogo wa mwaka wa kwanza wasome fungu hili mara mbili.

Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haina moshi. Ndiyo maana ni mbaya kuliko kuni: moshi wa kuni unakukohoza na kukutoa nje, makala mekundu yanakubembeleza ulale. Hewa hiyo inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, mutu anasikia kutapika, miguu inalegea, anataka kulala. Akilala, haamuki. Mama anayefunga mlango ili simbilisi na kuku wasisikie baridi anafunga pia hewa, na mara nyingi ni watoto wa nyumba wanaolala katika chumba hicho kimoja.

Wanyama wadogo wanapumua haraka, kwa hiyo wanaguswa mbele yetu. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walijua jambo hilo, wakawa wanashuka chini na ndege mdogo ndani ya kizimba. Ndege akianguka, watu wanatoka mbio. Walianza hivyo mwaka 1911 na wakaendelea mpaka mwaka 1986, wakati vyombo vya umeme vilichukua kazi ya ndege. Basi ukikuta asubuhi kuku wamelegea au wamekufa katika jiko lililofungwa na mbabula ndani, usikimbilie kusema ni ugonjwa wa kuku au ni mtu aliyeroga. Fungua mlango na dirisha kwanza, toa watu nje, ndipo uulize.

Watu wa Goma watatuambia: «Hiyo ni mazuku.» Hapana, ni ndugu yake. Mazuku inatoka ardhini, karibu na volkano, ni hewa nyingine, dioksidi ya kaboni, nayo ni nzito kuliko hewa yetu. Inalala katika mabonde na mashimo, hasa asubuhi wakati hakuna upepo. Ndiyo maana inaua mbuzi, mbwa na watoto wadogo mbele ya watu wakubwa: vichwa vyao viko chini. Hewa ya makala haikai chini, inachanganyika katika chumba kizima, kutoka sakafu mpaka dari. Kupanda juu ya kitanda hakukusaidii. Mbabula itoke nje, au izimwe. Makala yanayobaki yakizimwa kwa kufunikwa vizuri na majivu au ndani ya chungu chenye mfuniko, kesho yanawaka tena, na hiyo nayo ni faida.

Paka, hatukumsahau. Yeye hali makala, kazi yake ni panya, na panya mmoja katika mfuko wa maharagi anaharibu kuliko gharama ya kumfuga paka. Lakini paka anapenda kulala katika majivu ya moto, na akitoka na kaa katika manyoya anaweza kulipeleka mpaka kwenye nyasi za simbilisi. Taa ya petroli pia anaiangusha kwa mkia. Weka majivu katika ndoo yenye mfuniko, tundika taa, na mpe gunia kuukuu mahali pake.

Tumalize na umeme. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2015, kiwanda cha Matebe kwenye mto Rutshuru, hapa hapa karibu, kilianza kutoa umeme kwa nguvu ya maji, karibu megawati 13. Nyumba iliyounganishwa inalipa mbele, kwa hiyo inaona kwa macho namna umeme unavyoisha. Wengi wanaopata umeme wanaweka ampuli katika sanduku la vifaranga. Ile ampuli ya zamani, yenye uzi ndani, kweli inapasha, kwa sababu karibu umeme wake wote unageuka joto, nuru ni kidogo tu. Ampuli mpya ya LED imetengenezwa ili isipoteze umeme katika joto. Ndiyo maana vifaranga wanabaki na baridi chini yake: haijaharibika, inafanya kazi yake.

Je, turudie ile ya zamani? Tupige hesabu. Ampuli ya wati 60 ikiwaka saa 24 inakula wati-saa 1,440, ndiyo kilowati-saa 1 na 44. Kwa siku 21 ni kilowati-saa 30. Ampuli ya LED ya wati 7, ambayo mwanafunzi anasomea saa 4 kila usiku, kwa kilowati-saa hizo hizo ingewaka usiku 1,080. Ni karibu miaka mitatu ya masomo! Na mkononi tuna kuku mama, ambaye mwili wake una digri 41, anawafunika vifaranga kumi au zaidi bila mita, bila kukatika mstari, na anajua mwenyewe wakati wa kuwafunika na wakati wa kuwaacha. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digri 32 mpaka 35, na kila wiki unaweza kupunguza digri 3 hivi. Kwa mtu mwenye vifaranga mia moja, ampuli ina maana. Kwa nyumba yenye vifaranga kumi na mbili, mwacheni mama yao afanye kazi. Kama mama amekufa, bidoni ya litre 5 yenye maji ya moto, yaliyopashwa juu ya mabaki ya moto wa jioni, ikivikwa nguo na kuwekwa katikati ya sanduku la nyasi, itawafikisha usiku wa manane, nawe utaibadilisha mara moja.

Nyasi hizo hizo zinapika pia. Loweka maharagi tangu jana jioni, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya nusu saa kamili (musipunguze hapo, tumesema sumu yake), kisha weka sufuria imefungwa mfuniko ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa nyasi kavu au nguo kuukuu, funika na mto, uende shambani. Baada ya saa tatu hivi utakuta yameendelea kuiva bila kaa hata moja. Maharagi ya zamani yanaweza kuomba kuchemshwa tena kidogo. Shida ya kikapu hicho ni moja tu: paka na kuku wanakipenda kuliko mpishi. Paka atalala juu ya mto, na kuku atataga mle sufuria ikitoka. Kitundikeni, au mfanye vikapu viwili.

Wanafunzi wa mwaka wa nne wamekubali kupima jambo hili kwao. Juma la kwanza kila mmoja atahesabu makopo ya makala yanayotumika nyumbani kwa siku saba bila kubadilisha kitu. Juma la pili atapika chakula cha mbwa juu ya mabaki ya moto, atafunika sufuria, na atazima mbabula usiku. Aandike pia watu wangapi walikula na wanyama gani wako. Kopo liwe moja kwa wote, lile la unga wa maziwa la kilo moja, lijazwe bila kushindilia. Mwenye kutaka kuungana nao alete jina lake mbele ya siku ya tano, na hesabu zote zitachapwa katika toleo linalokuja.